Servet-i Fünun ni nini hasa? Jarida la Kituruki lililogeuka jina la zama

Tamthilia za Kituruki zimeingia sebuleni kwetu zikisema Kiswahili, na zimeingia na maswali yake. Mtu huanza kwa kufuatilia nani ataolewa na nani. Baada ya miezi miwili anataka kujua sultani yupi alimtangulia yupi, na visa vile vimechotwa wapi. Akitafuta habari za Aşk-ı Memnu, tamthilia ya 2008 hadi 2010 kuhusu mke kijana anayependana na mpwa wa mumewe, atagundua kwamba kisa hakikubuniwa na watu wa televisheni. Ni riwaya ya Halit Ziya, na wakazi wa Istanbul waliisoma kipande kwa kipande kati ya 1899 na 1900 katika jarida lililoitwa Servet-i Fünun.

Hapo ndipo msomaji anapopotea. Sentensi moja inamwambia Servet-i Fünun ni jarida. Inayofuata inasema Halit Ziya "alikuwa wa Servet-i Fünun", utadhani ni chama kilichokuwa na kadi. Ya tatu inataja "zama za Servet-i Fünun, 1896 hadi 1901", kama mtu anavyotaja utawala wa mfalme. Halafu anakuta mahali pameandikwa kuwa jarida lilikufa 1944. Sasa lilikufa lini? Na nani alikuwa nani?

Sentensi zote nne ni za kweli, na kuzipatanisha si kazi kubwa mtu akianza na mfano wa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaijenga, anaishi humo miaka na miaka, anapokea wapangaji. Wapangaji fulani wanakaa miaka mitano tu, lakini ndio waliofanya mtaa mzima uzungumze: walipiga ngoma, waligombana na majirani, waliletewa polisi. Wakahama, nyumba ikabaki na jina lao. Wapangaji wengine wakaingia, wakatoka. Ukimuuliza mtu wa mtaani leo, atakuonyesha nyumba kwa jina la wale wa miaka mitano. Servet-i Fünun ndiyo nyumba hiyo. Mwenye nyumba aliitwa Ahmet İhsan.

Jina lenyewe, kwanza

Kwa Mswahili jina hili si geni kama linavyoonekana. Fünun ni wingi wa "fen", neno la Kiarabu lilelile tunalolitumia sisi tukisema "fani". Servet ni mali, utajiri. Ile "-i" katikati ni kiungo kilichoazimwa kutoka Kiajemi, na kazi yake ni sawa na "wa" yetu katika "utajiri wa fani". Basi ndiyo maana yake: utajiri wa fani, yaani wa elimu na sayansi.

Ukishajua ufunguo huo, milango mingine inafunguka. Kwa Kituruki cha leo ş husomwa "sh" na c husomwa "j", kwa hiyo aşk ni "ashk", ndugu wa ashiki wetu. Edebiyat, yaani fasihi, ni ndugu wa adabu. Beyit ni ubeti. Aruz, kanuni za vipimo vya shairi, ndiyo arudhi inayotajwa na washairi wetu wa kimapokeo. Maneno haya yalitoka kisima kimoja, yakaenda nchi mbalimbali. Nayasema mapema kwa sababu ugomvi mkubwa wa jarida hili ulihusu vina, na wasomaji wa Kiswahili wana bahati: ni watu wachache duniani leo wanaoweza kuelewa mara moja kwa nini watu wazima walitukanana magazetini kwa ajili ya kina.

Jambo jingine linalochanganya ni majina ya watu. Waturuki hawakuwa na majina ya ukoo ya kisheria mpaka sheria ya 1934. Ndiyo sababu Ahmet İhsan wa 1891 anaonekana mahali pengine kama Ahmet İhsan Tokgöz, na Halit Ziya kama Halit Ziya Uşaklıgil. Ni watu walewale. Tevfik Fikret alifariki 1915, kabla ya sheria hiyo, kwa hiyo hana ziada yoyote.

Kiambatisho cha gazeti la kila siku

Dhana potofu ya kwanza, na hii hata baadhi ya wanafunzi wa Uturuki wanayo, ni kwamba Servet-i Fünun lilianzishwa kuwa jarida la fasihi. Jina limekwisha kukanusha. Lilikuwa jarida la sayansi, ufundi na picha.

Ahmet İhsan alizaliwa 1868 Erzurum, mashariki ya nchi, akasoma Istanbul katika Mekteb-i Mülkiye, chuo kilichoandaa maofisa wa serikali. Badala ya kwenda kuwa mkuu wa wilaya huko mbali, akaangukia kwenye wino. Alitafsiri riwaya za Jules Verne, akafanya kazi ya kutafsiri habari katika gazeti la Servet, mali ya Mgiriki wa Istanbul aliyeitwa Nikolaidi. Kupata kibali cha gazeti jipya chini ya Sultani Abdülhamid wa Pili kulikuwa kama kupata maji jangwani, basi wakapita mlango wa nyuma: wakaomba kutoa nyongeza ya kila wiki ya gazeti lililokwishakuwa na kibali. Nyongeza ya Servet, yenye habari za fani, ikaitwa Servet-i Fünun. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 27 Machi 1891. Baadaye mtoto akajitenga na mama yake, na mama ndiye aliyesahauliwa.

Mfano aliouiga Ahmet İhsan ulikuwa jarida la Ufaransa la L'Illustration. Alitaka picha: reli, meli, madaraja, mashine, hospitali, sura za wakubwa. Mwaka huohuo wa 1891 alisafiri Ulaya, akazunguka kwenye viwanda vya uchapaji, akarudi na kuandika kitabu kuhusu aliyoyaona. Picha siku hizo hazikupachikwa tu kwenye ukurasa. Fundi alikaa na kipande cha mbao, akachonga taswira kinyumenyume, mstari mmoja mmoja, ndipo kikapakwa wino. Kuhamia kwenye mabati ya zinki yanayochorwa kwa msaada wa kamera ilikuwa hatua kubwa, na Ahmet İhsan alijivunia picha zake kuliko alivyojivunia ushairi wa mtu yeyote. Nadhani wanahistoria wa fasihi hawajamtendea haki kwa hilo. Wanamtaja kama mtu aliyefungua mlango halafu akakaa kando, wakati yeye ndiye aliyelipa karatasi, mafundi na kodi kwa zaidi ya miaka 50.

Kina kilicholeta balaa

Sasa tufike penye utamu wenyewe.

Mwishoni mwa 1895 kijana aliyeitwa Hasan Asaf alichapisha shairi katika jarida jingine la Istanbul, Malumat. Ndani yake alitia kina kati ya maneno mawili: abes na muktebes. Yasome kwa sauti. Yote yanaishia na "-bes". Tatizo liko wapi?

Tatizo liko kwenye jicho. Kituruki siku hizo kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu kina sauti tatu ambazo Mturuki huzitamka zote "s". Kuna ث, ile tunayoisikia kwenye "hadithi". Kuna س ya "darasa". Kuna ص ya "sabuni". Neno abes huishia na ث. Neno muktebes huishia na س. Kwa masikio ya Istanbul vina vimelingana. Kwa macho ya mwalimu wa kale, kijana amefananisha mbuzi na kondoo. Kanuni ya mashairi ya diwani, yaani ushairi wa kale wa Kituruki, ilitaka herufi zilingane kwenye karatasi, na wahariri wa Malumat wakamkosoa kijana hadharani. Naye akajitetea kwa kumtaja mkubwa: Recaizade Mahmut Ekrem, mwalimu wa fasihi aliyeheshimika, ndiye aliyefundisha kwamba kina ni cha sikio, si cha jicho.

Hebu tujipime wenyewe. Mshairi wa Kiswahili akimalizia mshororo mmoja na "ruhusa" na mwingine na "darasa", kina cha "sa" kimesimama, hakuna jaji wa mashindano atakayemtoa. Lakini asili ya "ruhusa" ni ص na asili ya "darasa" ni س. Mkongwe wa Istanbul angeturudishia karatasi zote mbili. Sisi tulikwisha kuamua zamani, bila hata mkutano, kwamba sikio ndilo hakimu.

Kule mambo hayakupita kimya. Kilichoonekana kuwa herufi moja kilikuwa na swali kubwa nyuma yake: shairi la Kituruki linapimwa kwa kinywa cha anayelisoma, au kwa desturi ya lugha nyingine ambazo Kituruki kiliazima maneno kwao? Ekrem alijibu, Malumat likajibu, matusi yakaingia. Ekrem akaona anahitaji uwanja wake. Ahmet İhsan alikuwa mwanafunzi wake wa zamani kule Mülkiye, na alikuwa na jarida. Tevfik Fikret alikuwa mwanafunzi wake wa zamani katika shule ya Galatasaray, na alikuwa mshairi. Mwalimu akawaunganisha. Toleo namba 256, la tarehe 7 Februari 1896, likatoka chini ya uhariri wa fasihi wa Fikret, akiwa na umri wa miaka 28.

Kuna kinaya kidogo hapa. Abes maana yake ni jambo la bure, upuuzi. Muktebes ni kilichoazimwa kwa mwingine. Miaka mitano iliyofuata, wapinzani wa jarida hawakuwa na mashtaka mengine zaidi ya hayo mawili.

Miaka mitano

Wapangaji wapya walijiita Edebiyat-ı Cedide, yaani Fasihi Mpya. Jina la "Servet-i Fünun" kama jina la kikundi lilitokana na anwani yao. Katikati alikuwepo Fikret mwenye ushairi na jicho kali la mhariri, ambaye pia alikuwa mchoraji. Cenap Şahabettin alikuwa daktari aliyekwenda Paris kusomea tiba akarudi na mashairi. Halit Ziya aliajiriwa na kampuni ya tumbaku mchana, usiku akaandika riwaya. Mehmet Rauf alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Hüseyin Cahit aliandika hadithi na makala za kujibu mashambulizi, na mashambulizi hayakukosekana.

Waliyoyafanya, kwa lugha ya kawaida, ni haya. Katika ushairi wa kale kila ubeti ulijitosheleza. Wazo lilianza na kuisha humohumo. Mswahili anaijua kanuni hiyo, maana na kwetu ubeti usiojitosheleza huhesabiwa kasoro. Fikret alivunja ukuta. Sentensi yake ilianza katikati ya mshororo mmoja, ikavuka, ikaishia katikati ya mshororo wa tatu, kama mtu anavyoongea, huku arudhi ikiwa bado imeshikwa barabara. Waliingiza kutoka Ulaya umbo la soneti, shairi la mishororo kumi na minne. Wakaacha mishororo mirefu na mifupi ikae pamoja kadiri hisia zinavyotaka. Waliokumbuka mgogoro wetu wa miaka ya 1970, kati ya washairi wa arudhi na wale wa mashairi huru, watautambua mchezo huu, ingawa vijana wa Istanbul walikwenda hatua fupi zaidi.

Upande wa nathari, Halit Ziya alitoa Mai ve Siyah, "Buluu na Nyeusi", kwa mfululizo wa 1896 na 1897. Shujaa wake Ahmet Cemil ni kijana masikini anayefanya kazi gazetini huku akiota kuandika shairi ambalo halijawahi kuandikwa. Mwanzoni, baada ya karamu ya gazeti, anatazama usiku wa buluu na kuona nyota kama mvua ya almasi. Mwishoni ameshafiwa na dada, amemkosa msichana, ameuchoma moto muswada wake kwa mkono wake mwenyewe, na yuko melini akiiacha Istanbul. Usiku sasa ni mvua ya lulu nyeusi. Fikiria msomaji wa wakati ule: analinunua jarida, na ndani ya jarida anasoma wiki hadi wiki habari za kijana anayeteseka ofisini mwa gazeti. Nusu ya vijana wa Istanbul wenye kalamu walijiona humo.

Lakini kulikuwa na kasoro, na kubwa. Watu hawa waliotaka fasihi ya kisasa walitumia lugha nzito kuliko ya babu zao. Walifukua maneno ya Kiarabu na Kiajemi kutoka kamusi za zamani, mengine hata wasomi hawakuwahi kuyasikia, wakayaunganisha kwa ile "-i" kwa namna mpya. Mfano uliowaponza ni wa Cenap: sâât-i semenfâm, "saa zenye rangi ya asumini". Saa ina rangi? Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa mtu wa pwani aliyewahi kukaa barazani magharibi na asumini ikinukia, nadhani picha hiyo haihitaji kutetewa. (Na tukiwa kwenye saa: Waturuki wa enzi hiyo walihesabu saa kama sisi, jua likitua ni saa kumi na mbili kamili. Waliiacha hesabu hiyo katika miaka ya 1920, sisi tunayo bado.)

Machi 1897 Ahmet Mithat Efendi, mwandishi mkubwa aliyependwa na wasomaji wa kawaida, aliwaandikia makala yenye kichwa "Dekadanlar", neno lililotoka kwa Wafaransa, akimaanisha watu waliooza, wanaojitia uchovu wa dunia. Neno likawakaa kama lakabu ya shuleni. Mithat hakuwa mjinga wala mpinga maendeleo. Yeye mwenyewe alitumia maisha yake kuwafundisha watu kusoma kupitia hadithi nyepesi. Swali lake lilikuwa la haki: mnamwandikia nani? Mwaka uliofuata alilegeza msimamo na kuwakubali. Swali lake halikujibiwa.

Je, Sultani alipiga fasihi marufuku?

Dhana hii inasambaa sana, na tamthilia zimeichochea kwa pande zote mbili: moja inamwonyesha Abdülhamid kama jini la udikteta, nyingine kama walii aliyezungukwa na wasaliti. Tuseme yaliyo wazi. Alitawala kuanzia 1876 hadi 1909. Bunge alilisimamisha 1878. Magazeti yalikaguliwa kabla ya kuchapwa: kurasa zilipelekwa kwa mkaguzi, naye alikata anachotaka. Maneno kama hürriyet, yaani uhuru, na vatan, nchi ya asili, yalikuwa ya kuogopwa. Masimulizi yanaongeza kwamba hata neno "nyota" lilitiliwa shaka kwa kuwa kasri la Sultani liliitwa Yıldız, nyota. Visa vya namna hiyo vilinogeshwa sana baada ya katiba kurudishwa 1908, kila mtu alipotaka kuonekana aliteseka, kwa hiyo vipokelewe na chumvi yake.

Wakati huohuo, chini ya Sultani huyohuyo, shule ziliongezeka, wasomaji wakaongezeka, na majarida ya picha yakashamiri. Alichokizuia ni siasa. Ahmet İhsan alijua mpaka uko wapi, na alikaa vizuri na wakubwa. Waandishi wake wengi walikuwa watumishi wa serikali. Ukishindwa kuandika juu ya mkate na kodi, utaandika juu ya machweo, kifua kikuu na mapenzi yasiyowezekana. Ile huzuni inayotanda kwenye kurasa zao haikutoka Paris yote.

Huzuni hiyo ilifika mahali pa kuchekesha. Fikret na wenzake walipanga kwa dhati kuhama pamoja wakaishi New Zealand, mbali na wapelelezi, wote kwenye makazi yao wenyewe. Ilipoonekana ni mbali mno wakapunguza ndoto hadi shamba la rafiki karibu na Manisa, magharibi mwa nchi. Na huko hawakwenda. Sijui kama wake zao waliulizwa.

Jinsi wapangaji walivyoondoka

Watu wengi huamini kwamba serikali ilikivunja kikundi. Kikundi kilikuwa kimeshaanza kuvunjika chenyewe. Mwaka 1900 Ali Ekrem, mtoto wa Namık Kemal, mshairi mashuhuri wa uhuru, aliandika makala ya kuikosoa mitindo ya wenzake. Fikret kama mhariri akaipunguza. Ali Ekrem akakasirika, akaondoka na wengine kadhaa kuelekea Malumat, kwa adui. Mapema 1901 Fikret naye akagombana na Ahmet İhsan, mpangaji na mwenye nyumba, akaacha uhariri. Hüseyin Cahit akashika nafasi yake.

Oktoba 1901 Hüseyin Cahit alichapisha "Edebiyat ve Hukuk", Fasihi na Sheria, makala aliyoitafsiri kutoka Kifaransa. Ndani yake kulikuwa na maneno kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Kwa mtawala anayeogopa mapinduzi, hilo lilitosha. Jarida likafungwa, wahusika wakapelekwa mahakamani. Mahakama ikawaachia, na baada ya wiki chache jarida likarudi mitaani.

Kwa hiyo ile 1901 unayoikuta vitabuni ni mwaka ambao kikundi kilikwisha. Jarida liliendelea, likiwa na picha nyingi na ushairi kidogo, na Ahmet İhsan akarudi kwenye alichokipenda tangu mwanzo. Fikret alijifungia, akaandika "Sis", Ukungu, shairi la kuulaani mji wa Istanbul ambalo lilipita mkono kwa mkono bila kuchapwa mpaka katiba iliporudishwa. Baadaye akajichorea ramani ya nyumba yake juu ya Bosporasi, mlango-bahari wa Istanbul, akaiita Aşiyan, kiota. Leo ni makumbusho.

Miaka 43 iliyosahauliwa

Katiba iliporudishwa Julai 1908, Servet-i Fünun liligeuka kuwa gazeti la kila siku kwa muda, kisha likarudi kuwa la wiki. Wapangaji wapya wakabisha hodi. Vijana waliojiita Fecr-i Âtî, Alfajiri Ijayo, walichapisha tangazo lao humo tarehe 24 Februari 1910. Miongoni mwao alikuwepo Ahmet Haşim, mmoja wa washairi wakubwa wa Kituruki. Walisema sanaa ni ya mtu binafsi na inastahili heshima. Hawakudumu, maana mwaka 1911, huko Selanik, mji ambao leo ni Thessaloniki ya Ugiriki, jarida la Genç Kalemler, Kalamu Changa, likaja na swali la Ahmet Mithat likiwa limenolewa upya: andikeni Kituruki kinachosemwa na watu. Ömer Seyfettin na wenzake wa jarida hilo walishinda vita hiyo. Kituruki kinachoandikwa leo ni mjukuu wao, si mjukuu wa Cenap.

Ahmet İhsan hakusinzia. Mwaka 1928 aliwapa nafasi vijana saba walioitwa Yedi Meşale, Mienge Saba. Mmoja wao, Yaşar Nabi, ndiye aliyeanzisha jarida la Varlık mwaka 1933, na Varlık linatoka mpaka leo. Anayetafuta jarida kongwe la fasihi ya Kituruki lililo hai, alitafute hilo.

Novemba 1, 1928, sheria ya herufi mpya ilipita. Magazeti na majarida yalipewa mpaka Desemba 1 kuacha herufi za Kiarabu. Mwezi mmoja! Wachapaji waliokaa miaka 30 wakipanga herufi kutoka kulia kwenda kushoto walilazimika kujifunza upya kazi ya mikono yao. Servet-i Fünun likabadili na jina, likawa Uyanış, Mwamko, ingawa jina la zamani lilirudi kutembea pamoja na jipya. Sisi pia tulihama kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kilatini, na barua na tenzi za wazee wa Lamu na Mombasa zinahitaji leo mtu maalumu wa kuzisoma, lakini kwetu mabadiliko yalichukua miongo. Kule, aliyelala msomaji aliamka mwanafunzi.

Halit Ziya, akiwa mzee, aliona vijana hawaielewi tena lugha yake, akakaa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuzirahisisha riwaya zake kwa mkono wake. Toleo analolinunua Mturuki dukani leo mara nyingi limerahisishwa tena juu ya hapo. Ahmet İhsan alifariki 1942, akiwa mbunge wa Ordu. Jarida lilimfuata baada ya miaka miwili, Mei 1944, likiwa limetoa matoleo zaidi ya 2,400.

Hiyo ndiyo hesabu ya tarehe zinazogongana: nyumba ilisimama kutoka 1891 hadi 1944, wapangaji mashuhuri walikaa kutoka 1896 hadi 1901, na vitabu vya shule huko Uturuki huita miaka hiyo mitano kwa jina la nyumba.

Vitabu hivyohivyo vina sura kuhusu abes na muktebes. Mwanafunzi wa miaka 16 anaifungua, anasoma kwamba watu walikosana kwa sababu maneno haya mawili hayalingani mwishoni, anayatazama, na anaona s na s. Mwalimu inabidi ageuke ubaoni, achore ث upande mmoja na س upande wa pili, herufi ambazo darasa zima haliwezi kuzisoma. Akitaka mfano mwingine wa ile ya kwanza, hana haja ya kwenda mbali. Ndiyo herufi iliyoanza neno Servet.